Sura ya Nne: Misiba Isiyo na Matanga

Mtu akifariki mtaani kwetu saa nane za usiku, adhana ya alfajiri inakuta turubai limeshasimama. Hakuna aliyeitisha kikao. Vijana wanajua nani ana viti vya kukodisha, nani ana masufuria makubwa, nani atafuatilia kibali cha kuzika na nani atasimamia uchimbaji wa kaburi. Kwenye meza ndogo karibu na mlango anakaa mtu na daftari, anaandika rambirambi, jina na kiasi, hata kama ni shilingi mia tano. Ndani wanawake wameketi chini na kanga zao, wamemzunguka mfiwa. Mmoja anahakikisha ameoga, mwingine anamshikia kikombe cha uji mpaka anywe. Nje wanaume wanakesha kwenye majamvi, kahawa inazunguka, na mazungumzo yanaanza kwa marehemu yanaishia kwenye bei ya mbolea. Wanazika. Wanasoma hitima au wanasali ibada. Wanaanua tanga, halafu inasubiriwa arobaini. Mjane wa Kiislamu anakaa eda ya miezi minne na siku kumi, na siku ya kutoka kwake inajulikana tangu siku ya kwanza.

Utaratibu huu tumeuzoea kiasi kwamba hatuoni kazi unayoifanya. Mtu aliyefiwa hawezi kuipanga siku yake. Hajui ni saa ngapi, hana njaa, hana usingizi, na akili yake inarudi palepale. Kwa muda fulani wengine wanamshikia saa zake. Anaambiwa kula, anaambiwa kupokea wageni, anaambiwa sasa tunakwenda makaburini, na baadaye anaambiwa sasa tumeanua tanga, watoto warudi shule. Huzuni yake haijaisha hata kidogo, lakini imewekewa siku, na siku zina watu ndani yake.

Mafundisho mengi yanayotufikia kuhusu kukabiliana na mabadiliko makubwa hayaanzii hapo. Yanaanzia moyoni mwa mtu mmoja. Mwaka 1969 daktari Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Chicago, alichapisha kitabu kilichotokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliojua kwamba wanakaribia kufa. Alitaja hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni nzito na kukubali. Siku hizi hatua hizo zinafundishwa kwenye semina na kusomwa redioni kama ngazi ambayo kila aliyefiwa, aliyeachika au aliyefukuzwa kazi sharti aipande daraja kwa daraja. Lakini wale wagonjwa walikuwa wakiyaaga maisha yao wenyewe. Mfiwa ana kesho, na kesho hiyo ina ada ya shule na paa linalovuja. Naona uchungu ninapokutana na mtu anayejilaumu kwamba hajafika kwenye kukubali, ilhali ameshalea watoto wake miaka mitatu peke yake.

Karibu zaidi na maisha ninayoyajua ni maelezo ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoyatoa mwaka 1999. Kwao aliyefiwa huenda na kurudi. Asubuhi anapekua nguo za marehemu na kulia. Mchana anajifunza kulipa bili ya umeme, kazi ambayo mumewe ndiye alikuwa akiifanya. Jioni harufu ya sabuni fulani inamrudisha kwenye kilio. Kwenda na kurudi huko ndiko kuzoea kwenyewe. Anayebaki upande mmoja tu, wa kulia bila kupumzika au wa kujishughulisha bila kulia, ndiye wa kuangaliwa kwa karibu.

Sasa wafikirie watani. Mzaramo amefiwa, na mtani wake Mnyamwezi anaingia msibani. Analala njiani mbele ya jeneza na kusema halipiti mpaka alipwe. Anavaa koti la marehemu na kuuiga mwendo wake, anadai deni ambalo halijawahi kuwepo, na waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka huku machozi hayajakauka. Wageni wengine hushtuka. Mwaka 1997 Dacher Keltner na George Bonanno walichapisha utafiti wao juu ya watu waliofiwa na wenza wao huko Marekani, waliohojiwa miezi michache baada ya msiba. Waliocheka kicheko cha kweli, kile kinachofika hadi machoni, wakati wakimzungumzia marehemu, ndio waliokuwa na nafuu zaidi, na uhusiano wao na watu wengine ulikuwa mwema zaidi. Mtani hakuusubiri utafiti huo. Yeye anajua kwamba mfiwa anahitaji mtu wa kumvusha upande wa pili kwa dakika mbili, na kwamba ruhusa ya kucheka haiwezi kutoka kwa mfiwa mwenyewe. Lazima itoke kwa mtu ambaye mila imempa haki hiyo.

Bonanno huyohuyo na wenzake walifuatilia wazee wa Marekani tangu wenza wao wangali hai, wakaendelea nao hadi mwaka mmoja na nusu baada ya kifo. Karibu nusu yao hawakuanguka. Walihuzunika, walikosa usingizi usiku fulani, lakini waliendelea kula, kufanya kazi na kupenda watu. Wala hawakuwa watu wasiojali. Uwezo wa kusimama tena, ukitazamwa hivyo, ni jambo la kawaida sana kwa binadamu, na swali lenye faida ni nini kinachomnyima mtu uwezo huo.

Sitaki kuyapamba matanga. Kuna familia zinazotoka msibani na deni la ng'ombe na mchele litakalolipwa mwaka mzima. Kuna wajane ambao shemeji zao walihesabu mabati ya nyumba kabla ya udongo wa kaburi kukauka. Na kuna ukimya mzito baada ya arobaini, simu zinapokoma na mjane anabaki na picha ukutani. Hata hivyo, pamoja na kasoro zote hizo, anayefiwa kwetu ana kitu ambacho aliyepata pigo la aina nyingine hana. Barua ya kuachishwa kazi ikitolewa Ijumaa, Jumatatu hakuna turubai. Hakuna daftari. Majirani wanapita wakiwa wameinamisha macho, kwa adabu.

Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe wa Marekani walitoa jedwali la matukio ya maisha na kulipa kila tukio alama kulingana na juhudi ambayo mtu anahitaji ili kulizoea. Kifo cha mwenzi kilipewa 100. Talaka 73. Kufungwa gerezani 63. Kuachishwa kazi 47, na kustaafu 45. Hata kuoa au kuolewa kulipewa 50, kwa sababu furaha nayo hubomoa ratiba ya zamani. Alama hizo zilitokana na maoni ya watu kuhusu uzito wa kila jambo, na ukizitazama utadhani anayefukuzwa kazi ana nusu tu ya safari ya mjane.

Kumbukumbu za Ujerumani zinasema vingine. Huko maelfu ya watu huulizwa kila mwaka, mwaka hadi mwaka, wanaridhika kiasi gani na maisha yao. Richard Lucas na wenzake walipozichambua, waliona kwamba waliofiwa na wenza walishuka sana, kisha wakapanda polepole hadi kukaribia walipokuwa mwanzo. Kwa wastani iliwachukua miaka 7 au 8. Kisha mwaka 2004 wakatoa matokeo ya waliopoteza kazi. Hao walishuka pia, wakapanda kiasi, lakini kwa wastani hawakurudi pale walipokuwa, hata baada ya kupata kazi nyingine. Pigo lililoonekana dogo kwenye jedwali ndilo lililoacha alama isiyofutika.

Sababu moja ilikuwa imeshaandikwa miaka 70 kabla, kwenye mji mdogo wa Marienthal, kusini-mashariki mwa Vienna nchini Austria. Mji mzima ulitegemea kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, kati ya 1929 na 1930, karibu kila nyumba ilibaki bila mshahara. Mwishoni mwa 1931 walifika watafiti vijana, wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Walijiwekea sharti ambalo nalipenda: kila mtafiti afanye jambo lenye faida kwa wenyeji. Waligawa nguo, waliendesha darasa la kukata nguo kwa vielelezo, walileta daktari wa kutibu. Na huku wakifanya hayo, walitazama.

Walidhani mtu asiye na kazi, mwenye muda wote mikononi, angesoma zaidi. Maktaba ya wafanyakazi ilikuwa imeondoa ada, na bado idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilipungua kwa karibu nusu. Waliwapa watu karatasi wajaze saa zao za siku. Wanaume waliweza kukumbuka walipoamka, walipokula mchana na walipolala; katikati hawakuwa na la kuandika. Mtafiti mmoja alikaa nyuma ya dirisha na saa mkononi, akapima watu wanavyotembea barabarani. Wanaume walikwenda polepole na kusimama kila mara, hawakuwa na pa kuwahi. Wanawake walitembea kwa haraka zaidi, kwa sababu wao, ingawa nao walipoteza kazi kiwandani, bado walikuwa na nyumba ya kuendesha, tena kwa fedha kidogo kuliko zamani. Siku zao zilikuwa na umbo.

Jahoda alikamatwa na serikali ya Austria mwaka 1936, na mwaka uliofuata akaachiwa na kukimbilia Uingereza. Miaka mingi baadaye, mwaka 1982, alieleza kwamba kazi humpa mtu mambo matano mbali na mshahara: mpangilio wa siku, kukutana na watu wasio wa nyumbani kwake, kushiriki lengo lililo kubwa kuliko yeye, heshima na jina katika jamii, na ulazima wa kufanya kitu. Soma tena mambo hayo matano ukiyakumbuka matanga. Yote yamo.

Ninaposoma habari za Marienthal sioni Austria. Naona viwanda vyetu vya nguo: Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma. Miaka ya 1990, serikali ilipoanza kurekebisha na kuuza mashirika ya umma, neno kupunguzwa liliingia kwenye kila nyumba ya mfanyakazi. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mashine za kufuma kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. King'ora chake ndicho kilichokuwa saa ya mtaa mzima. Kikilia alfajiri, mama ntilie walikuwa wameshapanga vikombe. Kikilia saa nane mchana, watoto walijua zamu imetoka na baba zao wako njiani. Mashine ziliposimamishwa, king'ora nacho kilinyamaza, na hata sisi ambao hatukuwahi kuingia getini tulipotea kwa wiki kadhaa.

Kiinua mgongo kilikuja kwa mafungu, na kila fungu lilileta wageni waliotaka kukopa. Hao ndio wageni pekee aliowapata. Mke wake alianza kukaanga maandazi saa kumi za usiku, akishamaliza anakwenda soko la samaki, akirudi anapika. Siku yake ilirefuka kadiri ya mjomba ilivyokuwa ikifupika. Mjomba alihama kutoka barazani kwenda chumbani. Ukimsalimia, "Shikamoo mjomba," alijibu marahaba na macho yake yakaangalia pembeni, kana kwamba umemkuta akifanya jambo la aibu. Wazee wenzake walimwambia asubiri, Mungu yupo. Mungu yupo kweli. Lakini msibani hatumwambii mfiwa asubiri, tunamchemshia uji.

Kilichombadilisha hakikuwa fedha. Pampu ya kisima cha msikiti iliharibika, na imamu akatuma mtoto kumwita. Aliitengeneza kwa mabomba na mipira aliyookota. Imamu hakumshukuru akaishia hapo. Alimkabidhi ufunguo na kumwomba ahakikishe maji yapo kabla ya adhana ya alfajiri, kila siku, kwa sababu watu watakuja kutawadha. Malipo hayakuwepo. Lakini kulikuwa na watu arobaini au hamsini ambao wasingeweza kutawadha kama angechelewa kuamka. Baada ya muda tulisikia mtaani wakimwita fundi, jina ambalo halikuwa limetajwa tangu kiwanda kifungwe, na yeye akaanza kuitika kwa sauti.

Naamini imamu yule alijua alichokuwa akifanya. Aliona kwamba mtu aliyepokonywa nafasi yake hapati nafuu kwa kupewa tu. Anapata nafuu pia kwa kuombwa. Tuna ukarimu mwingi wa kuwapa watu waliopatwa na mabadiliko, na aibu kubwa ya kuwaomba kitu. Tunadhani tunawahurumia. Mstaafu wa miaka 60 anafanyiwa sherehe, anapewa kitenge, saa ya ukutani na hotuba, na tangu kesho yake anaambiwa na watoto wake, "Baba, wewe pumzika tu." Wanasema kwa upendo, na kwa upendo huohuo wanamwondolea mambo yote matano ya Jahoda kwa sentensi moja.

Kuna mapigo mengine ambayo hayana hata barua ya kuyathibitisha. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Igoma kuna makaburi ya waliopatikana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama upande wa Nungwi. Katika ajali zote mbili wako wengi ambao hawakuonekana. Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza miaka ya 1970 kwa kuwasikiliza wake wa marubani waliopotea vitani Vietnam, ameeleza kwamba kupotelewa namna hii humkwamisha mtu kwa sababu huzuni haina pa kuanzia. Akilia, anajiona amemzika aliye hai. Akingoja, maisha yanampita. Ndugu, mirathi na nguo za kabatini vyote vinangoja pamoja naye. Hapa sala ya ghaibu inafanya kazi kubwa kuliko inavyosifiwa. Jamaa wanapanga safu bila jeneza mbele yao, na kwa kusimama huko jamii inachukua jukumu la kutamka kile ambacho mke hawezi kukitamka peke yake. Boss mwenyewe haamini kwamba jambo la namna hii hufungwa kabisa. Anawafundisha watu kushika mawili kwa pamoja, kwamba huenda hayupo na huenda yupo, na kupika chakula cha jioni hivyohivyo.

Talaka nitaipitia kwa ufupi, maana ina sura yake mbele. Itoshe kusema kwamba mwanamke aliyeachwa kwetu hupokea wageni wenye maswali, wakati mjane hupokea wageni wenye sahani. Mauritania ni tofauti: kwa desturi ya huko, mwanamke anayerudi kwao baada ya talaka hupokewa na mama na marafiki kwa ngoma, hina na chakula. Nyumba ya wazazi inatangaza hadharani kwamba amerudi na nafasi yake ipo.

Utaratibu kama huo unaweza kutengenezwa. Mwaka 2006, Mbare mjini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na hana wahudumu wala vyumba. Alichokuwa nacho ni wanawake 14 wa makamo na wazee, wahudumu wa afya wa jamii ambao watu waliwaita bibi. Waliwekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mgonjwa anakaa na bibi, anayamwaga yote, kisha bibi anamwomba achague tatizo moja tu na waamue hatua moja ya kuchukua kabla ya kukutana tena. Vikao havizidi sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliokaa na bibi, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida zilibaki kwa nusu yao. Wanaomaliza hukaribishwa kwenye vikundi vya wenzao, wanakutana na kufuma mikoba kwa plastiki zilizokwishatumika. Mikono ina kazi, na asiyekuja anaulizwa yuko wapi.

Vikundi vya namna hiyo kwetu vimejaa. VIKOBA na vyama vya kina mama vina siku ya kikao, vina daftari, vina faini ya kuchelewa, na vingi vina mfuko wa jamii wa kumsaidia mwanachama aliyefiwa au anayeugua. Lakini chukua katiba ya kikundi chako uisome. Kuna uwezekano mkubwa utakuta kifungu cha msiba kimeandikwa kwa kina: mzazi kiasi gani, mtoto kiasi gani, wanachama wangapi waende. Kwa aliyeachishwa kazi utakuta kifungu kimoja tu kinachomhusu, kile kinachosema asiyenunua hisa vikao vitatu mfululizo anaondolewa. Anaondolewa wiki zilezile ambazo kikao hicho ndicho kitu pekee kilichobaki kwenye siku zake. Kifungu hicho kinaweza kubadilishwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu: hisa zake zisimame kwa miezi sita, jina lake libaki kwenye daftari, wanachama wawili wamtembelee wiki ya kwanza na wengine wawili baada ya siku arobaini, na kwa muda huo yeye ndiye apewe kazi ya kushika ufunguo wa sanduku.